Pete ya Waya

Kitu kinachotakiwa kusimama hutafutiwa nguzo, na aghalabu nguzo hiyo haionekani. Nyumba ya udongo husimamishwa na fito zilizomo ndani ya ukuta. Sketi ya bale, iitwayo tutu, husimamishwa na pete ya waya iliyofichwa katikati ya marinda. Nimefundisha sarufi ya Kiswahili kwa miaka mingi, lakini habari ya nguzo za namna hii sikuijua vema mpaka nilipomshonea binti yangu sketi hiyo mjini London, alipokuwa na umri wa miaka 10.

Sketi hii haikuzaliwa kama ilivyo leo. Marie Taglioni alipocheza La Sylphide mjini Paris mwaka 1832, vazi lake lilikuwa refu, jepesi, lenye umbo la kengele. Kadiri ufundi wa miguu ulivyozidi, ndivyo watazamaji walivyotaka kuiona. Vazi likafupishwa, na baadaye likanyooka kuzunguka kiuno mfano wa sahani.

Ile niliyoishona ilikuwa na matabaka 10 ya neti ngumu ya nailoni, yaliyotiwa marinda na kushonwa juu ya suruali fupi ya ndani. Tabaka la juu ndilo refu, na kila lililo chini yake hupungua; mafupi ya chini huyabeba marefu ya juu. Yote hushikanishwa kwa bandi ndefu zilizolegea, ili yasogee pamoja bila kubanana. Hata hivyo neti huchoka. Baada ya kuvaliwa mara tatu katika mazoezi, ukingo wake uliinama, na onyesho lilikuwa limebakiza siku mbili. Hapo ndipo pete hutakiwa: tabaka mojawapo la katikati hushonewa njia ya utepe, na waya wa chuma cha pua hupitishwa humo mpaka uzunguke.

Nilikadiria kwa macho sentimita 150. Nilipokuwa nikiukaza waya katika njia yake, mwanangu aliona neti ikikunjamana, akasema, "Mama, pete yeye ni kidogo."

"Pete hii ni ndogo," nilimsahihisha.

Akanyamaza. Nikakata waya, nikaunga ncha zake, nikamvisha. Sketi ikainama kama mwavuli uliofungwa nusu. Pete ilikuwa ndogo. Mtoto alikuwa amesema kweli, nami nilisikia ngeli tu.

Naliona kosa hilo kuwa langu, tena halikuwa la siku moja. Kwa muda wa mwaka mzima nilikuwa nimesahihisha kila sentensi iliyotoka kinywani mwake, nikijitetea kwa methali ya samaki mkunje angali mbichi. Mwishowe alianza kunijibu kwa Kiingereza. Jambo hilo nililalamika kwa marafiki, nikiwaambia kuwa ni hasara ya kuishi ugenini.

Usiku ule, alipokwisha lala, niliketi na futi yangu ya kushonea. Mzingo wa nyonga ulikuwa sentimita 69, yaani nusu kipenyo cha kama 11. Njia ya waya ilikuwa sentimita 16 kutoka mshono. Jumla 27, mara mbili, kisha mara 3.14, ni karibu 170. Nilikuwa nimepunguza sentimita 20 nzima. Lakini nyonga ya binadamu si duara kamili, na neti huvutika. Kwa hiyo hesabu hukufikisha mlangoni tu. Nilichukua waya mpya wa sentimita 190, nikaupitisha bila kuukata wala kuuunga, ncha zikipishana. Asubuhi nilimvisha, tukawa tunasukuma na kuvuta. Ulipozidi, ukingo ulipiga mawimbi, ulipopungua, uliinama, katikati ya hayo mawili sketi ilitulia, ikalala sawasawa. Hapo nikatia alama, nikakata, nikaziunga ncha kwa kijibomba cha chuma nilichokiminya kwa koleo, nikazifunika kwa utepe zisimchome.

"Sasa yeye anatosha," alisema, akigeuka mbele ya kioo.

Jibu lilikuwa limekwisha fika ulimini. Nikalimeza. "Anatosha, mwanangu," nilisema. Akacheka, kisha akanieleza kwa Kiswahili, kwa dakika nyingi na makosa mengi, jinsi wenziwe watakavyoingia jukwaani.

Wako wajuzi walioiacha pete kabisa. Mjini New York, mwaka 1950, Barbara Karinska alishona tutu zisizo na waya kwa ajili ya Symphony in C ya George Balanchine. Kwa maana wachezaji wengi wakisongamana, sketi zenye pete hugongana, na moja hulisukuma ukingo la jirani yake. Hata hivyo hakuacha mambo yajiendee ovyo: marinda mafupi ya neti yalifanya kazi iliyokuwa ya chuma.

Basi msomaji asidhani kuwa naandika haya ili sarufi itupwe. Ningali naifundisha, na karatasi za wanafunzi ningali nazitia wino mwekundu. Lakini kabla ya kukata waya, sasa huziacha kwanza ncha zipishane, nikatazama kitambaa kinalalaje. Binti yangu siku hizi anasema "pete hii". Sikumbuki ni lini alianza.