Ule mluzi si wangu

Wasee, hii wiki nimekuwa na albamu moja tu kwa maskio: Head Hunters ya Herbie Hancock, ya mwaka wa 1973. Ngoma nne pekee, na hakuna mtu anaimba. Ya kwanza, Chameleon, inapita dakika 15, na ile besi inayokutikisa kichwa si gitaa, ni Herbie mwenyewe kwa sinthesaiza. Kundi zima halina mpiga gitaa. Ni jazi, lakini imekolea fanki mpaka miguu haitulii. Iliuza zaidi ya nakala milioni moja.

Lakini leo nataka tuongee kuhusu ngoma ya pili, Watermelon Man. Inaanza na filimbi na sauti ya mtu, zinapokezana. Kumbe ni Bill Summers, mpiga ngoma wao, anapuliza chupa ya bia! Na huo mtindo si wake. Unaitwa hindewhu, ni wa Wabenzele wa misitu ya Afrika ya Kati. Unapuliza filimbi ya bua la papai yenye noti moja tu, halafu noti zingine unajaza na koo lako. Summers aliusikia kwenye santuri iliyorekodiwa kwao miaka ya sitini.

Mwaka wa 1994 Madonna akachukua kipande cha ngoma hiyo, akakiweka kwa Sanctuary. Jina la Hancock likaandikwa kati ya watunzi. La Wabenzele, zii.

Hiyo iliniuma, kwa sababu hiyo wiki peji fulani kubwa ilikuwa imebeba video yangu, ikakata jina langu, ikakula laiki zote. Nikaanza kuandika posti kali kuhusu wezi. Nikafungua video zangu nitafute mfano. Mwanzo wangu ukacheza, ule mnaujua: mluzi, kisha gari linagongwa mara mbili.

Manze, nikanyamaza.

Huo mluzi ni wa makanga wa mat za mtaa wetu. Nilimrekodi nikiwa siti ya nyuma, miaka miwili imepita. Uko kwa kila video yangu na sijawahi kumwambia.

Posti nikafuta. Kesho yake nikangoja gari lake, nikamchezea klipu kwa simu. Akacheka sana. Kisha akauliza, "Na hawa watu wote wanajua ni mimi?"

Nikasema hapana. Kicheko kikaisha hapo. Nauli alichukua kama kawaida.

Head Hunters bado naipenda, na siwaambii muache kuiskiza. Iskizeni, lakini ile chupa ikianza, jueni ilitoka wapi. Mimi nimeshaongea na makanga wangu. Amekubali jina lake liwekwe, na pesa za video tutagawana. Lakini aliniambia kitu kimoja: ningemuuliza kitambo, angepiga mluzi mzuri zaidi.