Uchovu wa Wale Wanaojifunza Kuponya



Hapa Kamina tunao vijana wanaosomea udaktari na uuguzi. Tunawaona wakitoka zamu ya usiku hospitalini na kwenda moja kwa moja darasani, na wengine hawajui minervali ya mwaka itatoka wapi. Nyumbani wanaitwa "dokta" kabla hawajamaliza masomo, na jamaa nzima inawatazamia kama mvua iliyochelewa.

Mwaka 1981 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Christina Maslach na Susan Jackson, walitoa kipimo cha uchovu unaowapata wahudumu wa watu. Waliutambua kwa alama tatu: moyo kuishiwa nguvu, kumtazama anayehudumiwa kama kitu, na kujiona hufai. Alama ya pili ituogofye. Kijana aliyeingia chuoni kwa sababu ya huruma aweza kutoka na diploma bila huruma, na atakayeumia ni mgonjwa kitandani.

Mara nyingi Wakristu tuna jibu moja: "Vumilia, mtolee Bwana mateso yako." Neno hilo ni kweli, bali si kweli yote. Twawaheshimu masista sita wa Poverelle wa Bergamo waliofariki kwa Ebola katika mlipuko wa Kikwit mwaka 1995, kwa kuwa hawakuwaacha wagonjwa. Hao walitoa uhai wao kwa hiari. Kijana anayekosa chakula na usingizi kwa sababu hakuna anayemjali, huyo hakutoa, amenyang'anywa.

Tusome tena Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii Eliya alichoka hata akaomba kufa, akalala chini ya mti. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Ndipo nabii akapata nguvu za kufika Horebu.

Basi, jumuiya zetu zifanye kazi ya malaika yule. Mwanafunzi jirani apate sahani ya bukari siku ya zamu. Mzazi aulize "Umelala?" kabla ya kuuliza "Umefaulu?" Anayesema hana tena hamu ya kuishi asiachiwe sala peke yake, asindikizwe kwa padri na kwa daktari pia. Bwana mwenyewe aliwaalika Mitume waliochoka wapumzike kando.

Atakayetuuguza kesho, leo anahitaji kuuguzwa nasi.