Breki za Nyuma

Watu husifu gari kwa nguvu zake za kwenda, na ni wachache wanaokumbuka kulisifu kwa uwezo wake wa kusimama. Lakini lori lisiloweza kusimama halina haki ya kuondoka. Neno hili nalijua vema, kwa kuwa nakaa Migori, kando ya barabara kuu itokayo Isebania mpakani kwenda Kisii na Kisumu. Malori hupita usiku na mchana: ya miwa ya Awendo, ya mahindi, ya mchanga, na ya omena kutoka upande wa ziwa. Ziwa Victoria liko kiasi cha meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nchi huinuka kadiri uendavyo bara. Basi ashukaye kutoka Rongo kwenda Homa Bay huwa na mzigo unaomsukuma mgongoni.

Shule moja ya upande wetu ilikuwa na lori kuukuu. Lilitakiwa kupeleka vitanda na vyombo vya wanafunzi Homa Bay kwa mashindano ya michezo, na siku moja kabla ya safari dereva alilalamika kwamba kikanyagio cha breki kilizama karibu na sakafu, na kwamba mkia wa lori ulivutwa kushoto kila aliposimama. Nilitumwa kukaa gereji mpaka litengenezwe. Hapo nilijifunza mengi kwa fundi mmoja mzee.

Fundi hakushika spana kwanza. Alimwuliza dereva: ubaya ulianza ghafula au polepole? Huzidi lori likiwa na mzigo au likiwa tupu? Kisha alitazama chombo cha mafuta ya breki, akaona yamepungua. Akaamuru lori liendeshwe mwendo mfupi na kusimamishwa mara kadhaa, halafu akasogeza mgongo wa mkono wake karibu na kila gurudumu la nyuma. La kushoto lilikuwa na joto; la kulia lilikuwa baridi. "Mwalimu," akaniambia, "gurudumu la baridi halikufanya kazi. Lingekuwa la moto kupita kiasi, ningesema halikuacha kazi."

Wanafunzi wa fizikia wataelewa kwa nini hasara ya gurudumu moja huonekana kwenye kikanyagio. Blaise Pascal, Mfaransa aliyeishi kutoka 1623 hata 1662, alionyesha kwamba msukumo juu ya kiowevu kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Mguu wa dereva husukuma pistoni moja, na mafuta hupeleka msukumo huo kwenye silinda za magurudumu. Pistoni ya gurudumu ikiwa na eneo mara mbili ya ile ya kwanza, nguvu yake huwa mara mbili. Huko nyuma pistoni hutanua viatu viwili vya breki, navyo husugua ndani ya ngoma izungukayo pamoja na gurudumu. Mafuta yakipata njia ya kutoka, msukumo hupungua. Na hewa ikiingia, mguu huibana hewa badala ya kusukuma viatu.

Lori liliinuliwa kwa jeki, likaegemezwa juu ya vigingi vya chuma, na magurudumu ya mbele yakazuiwa kwa mawe. Ngoma ilipotolewa, ndani palikuwa na unyevu. Utingo alitaka kupuliza vumbi kwa kinywa. Mzee akamkataza, akapangusa kwa kitambaa kibichi, kwa sababu viatu vya zamani aghalabu vilitiwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Kisha akauliza unyevu ule ulitoka wapi. Mafuta ya ekseli ni mazito, nayo hukataa maji. Mafuta ya breki ni mepesi, nayo huchanganyika na maji. Haya yalikuwa mepesi. Alipofunua ukingo wa mpira wa silinda, yakachuruzika. Ndani ya silinda palikuwa na kutu, maana mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na yasipobadilishwa kwa miaka, maji hayo hula chuma.

Silinda mpya haikupatikana Migori siku ile. Ilibidi iagizwe Kisii. Simu zilikuja mara mbili kuhimiza lori litoke. Kijana mmoja akatoa shauri la kukunja bomba la gurudumu lile na kuliziba. Mzee akakataa. "Kikanyagio kitakuwa kigumu, na dereva atasema limepona. Lakini gurudumu litakuwa limekufa, naye hatajua mpaka mteremkoni."

Maneno hayo yalikuwa kweli. Lori tupu likisimama mahali tambarare, uzito hukimbilia mbele, na magurudumu ya nyuma huwa na kazi ndogo. Lori lililosheheni hubeba sehemu kubwa ya uzito wake nyuma. Kwa hiyo breki ya nyuma iliyoonekana yatosha mjini hushindwa mlimani.

Basi vitanda vilipelekwa kwa lori la kukodi, vikafika jioni, na baadhi ya wazee walinung'unikia gharama. Silinda ilipowasili, mzee alibadilisha viatu vya pande zote mbili, maana vya kulia vilikwisha kulowa, na kipya upande mmoja na kikuukuu upande wa pili havishiki sawasawa. Akakaza viatu mpaka vikagusa ngoma kidogo, akatoa hewa kwenye mabomba akianza na gurudumu la mbali, akajaribu breki ya mkono mlimani, na mwisho akalijaribu lori likiwa na mzigo.

Wanafunzi, mtakutana na mabaya mengi yenye dalili inayoweza kuzibwa kwa dakika tano. Anayeziba dalili hushukuriwa siku ile ile; anayetafuta chanzo hulaumiwa kwa kuchelewa, na ajali aliyoizuia haionekani na mtu. Ifanyeni kazi ya huyu wa pili, hata kama shukrani haiji.