Mwindaji Ajenge Wapi?

Leo nataka kuwasimulia safari niliyoifanya pamoja na mjomba wangu, safari ya kutafuta mahali pa kujenga nyumba. Mtu akitaka kujenga huuliza habari za maji, njia, shule na zahanati. Mjomba wangu ni mwindaji, naye huuliza neno moja tu: "Swala wapo?"

Tangu ujana wake amehama mara tatu kwa ajili ya neno hilo. Kila alikohamia palikuwa na pori. Baada ya miaka michache watu wengine walifika, wakafyeka, wakalima pamba na mahindi, na wanyama wakaenda zao. Naye akafunga mizigo. Mkewe amepika chini ya mti mara tatu akingoja nyumba iezekwe, na mtoto wao wa kwanza aliacha masomo darasa la tano kwa kuwa shule ilikuwa mbali mno. Mwaka juzi mjomba aliuza ng'ombe sita ili ahame mara ya nne. Mkewe hakugomba. Alisema tu, "Nenda na mpwa wako karani, maana yeye anajua kusoma. Mkirudi mniambie, huyo swala atawasomesha wadogo waliobaki?"

Basi tukapanda basi Shinyanga alfajiri. Dirishani tuliona mbuga tupu, mibuyu michache, na vumbi la ng'ombe. Nchi hii haikuwa hivi tangu mwanzo. Katika miaka ya 1920 na 1930 Bwana C.F.M. Swynnerton, aliyekuwa kwanza mkuu wa idara ya wanyama ya Tanganyika, alifanya kazi Shinyanga ya kumpiga vita mbung'o, na watu kwa maelfu walitoka na mashoka kufyeka mapori. Mbung'o alipungua, ng'ombe wakaongezeka. Lakini mti ulipoanguka, swala naye alikosa kivuli. Mjomba alitazama nje akasema, "Hapa walimaliza kazi kabla sijazaliwa."

Tulipita Tinde, tukapita Isaka penye bandari kavu, tukafika Kahama mji wa mchele. Kuanzia Masumbwe miti ilianza kusogea karibu na barabara, na mjomba akaanza kuchangamka. Tulilala Ushirombo, mahali ambapo misheni ilianzishwa mwaka 1891, na kesho yake tukaenda upande wa Runzewe. Huko ndiko mapori yanakoanza kuelekea Kigosi na Moyowosi, nchi ya miyombo na mabwawa, ya nyati, tohe, korongo na nzohe wa majini.

Tulimkuta mzee mmoja mrina asali akikarabati mizinga yake. Mjomba akamweleza haja yake. Mzee akacheka taratibu, akatuketisha.

"Mwanangu," alisema, "kukaa karibu na chungu si kula. Pori unaliona, lakini si lako. Ukijenga hapa mpakani, ng'ombe wako watakufa kwa nagana, kwa maana mbung'o yupo. Na ukisikia usiku mlio wa nyati huwezi kutoka na bunduki yako. Bwana nyama atakuuliza leseni, wala hatakuuliza nyumba yako iko wapi."

Maneno hayo ni kweli. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mtu hawindi ila kwa leseni, nayo humtajia eneo, aina ya mnyama na idadi. Aliyejenga ukingoni mwa hifadhi na aliyejenga mjini wote huomba leseni hiyohiyo. Nimesoma kwamba Marekani kila jimbo hutoa leseni zake za kulungu, na mkazi wa jimbo hulipa ada ndogo kuliko mgeni; kwa hiyo huko mwindaji ana sababu ya kuchagua jimbo la kukaa. Kwetu ujirani na pori haukupi haki hata ya digidigi mmoja.

Tena mipaka hubadilika. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kuwinda. Aliyejenga pembeni mwa mapori hayo kwa ajili ya bunduki yake, nyumba imebaki palepale lakini uwindaji umekwisha.

Mjomba alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Twende Geita."

Tukapita Katoro, soko lenye watu kama siafu. Geita nayo ilikuwa pori. Kuanzia mwaka 1947 mpango wa maendeleo ya Usukuma ulifungua nchi ile, na Wasukuma wengi walivuka kwenda kupata mashamba mapya. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Tulikuta mashimo, mashine za kusaga mawe, vijana wenye matope hadi masikioni, na bei ya kiwanja iliyomfanya mjomba avue kofia. Huko Nkome, kando ya ziwa, alitazama kisiwa cha Rubondo, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. "Nzohe wamo," alisema, "na wamekaa vizuri kuliko sisi."

Njiani kurudi nilimkumbusha habari za ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na hadi ulipokwisha mwaka 2004 wananchi walikuwa wamerudisha ngitili zaidi ya hekta 300,000. Palipofungwa, miti ilichipua kutoka visiki vya zamani, na ndege pamoja na wanyama wadogo wakarudi. Mjomba alijibu kwamba wanyama wadogo si uwindaji. Sikubishana naye, kwa maana ni kweli. Mtu aliyezoea kufuata nyayo za pofu hafarijiki kwa kanga.

Hata hivyo hakuhama. Fedha za ng'ombe zilinunua mabati na kulipa mahitaji ya shule ya watoto wawili. Yeye na ndugu zake wawili walifunga ngitili nyuma ya nyumba, wakaweka na masharti: asiingie ng'ombe wala shoka kabla ya wakati.

Mwaka huu, mwezi wa Juni, kabla ngitili haijafunguliwa, aliniita mbio. Nilimkuta amechuchumaa, anapima alama ndogo mchangani kwa kidole.

"Nsya," alinong'ona. "Jike, na ana mtoto."

Nikamwuliza bunduki iko wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa neno la kipumbavu. "Imefungwa sandukuni. Leseni sina, na huyu ni mgeni wangu."

Mkewe alikuwa nyuma yetu na ndoo ya maji kichwani. Akatazama zile nyayo, akacheka. "Haya," alisema, "safari hii amehama yeye."