Inari: Mahali Ambapo Theluji ni Kitabu cha Shule

Ndugu msomaji, wengi wetu tumezoea kuiona barafu ndani ya bilauri, na theluji tukiitazama kwa mbali kileleni mwa Kilimanjaro. Leo nakualika tufunge safari hadi Inari, kaskazini kabisa mwa Ufini, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Helsinki, kando ya ziwa kubwa lenye jina hilo hilo. Huko mtoto wa miaka saba, ambaye ndiyo kwanza ameanza shule, huikanyaga theluji miezi mingi ya mwaka.

Ukifika Desemba, usingoje kuliona jua. Tangu mapema mwezi huo hadi mapema Januari halichomozi kabisa. Saa sita mchana huonekana mwanga hafifu wa buluu, mfano wa alfajiri yetu, kisha giza hurejea. Kwa hiyo somo la kwanza la mtoto huanzia njiani: kwenye koti lake huning'inia kipande kidogo king'aacho kimulikwapo na taa za gari, ili dereva amwone angali mbali. La pili ni kwamba baridi si udhuru. Baada ya kipindi cha dakika 45 huja mapumziko ya dakika 15, na watoto hutoka nje kucheza. Adhuhuri kila mmoja hupewa chakula cha moto bila malipo, utaratibu uliotandaa nchi nzima tangu mwaka 1948.

Na darasani je? Zoezi moja rahisi la madarasa ya chini ni hili: ndoo ya lita 10 hujazwa theluji mpya, kisha huwekwa ndani iyeyuke. Watoto hukisia yatapatikana maji kiasi gani. Hupatikana kama lita moja tu, na tena yana takataka kidogo chini yake. Zilizobaki zilikuwa nini? Hewa! Hapo ndipo mtoto anapofahamu kwa nini panya wa porini hawafi kwa baridi chini ya theluji. Hewa ile iliyonaswa huwafunika kama blanketi, na ardhini baridi haizidi sana sifuri hata huko juu ikifika nyuzi 25 chini ya sifuri.

Lakini yapo mafunzo ambayo kosa lake halisahihishwi kwa kalamu nyekundu. Ziwa likiganda huwa njia na uwanja wa michezo. Mtoto hufunzwa kwamba barafu ngumu ya sentimeta 5 humbeba mtu mmoja atembeaye, na kwamba penye mkondo, au mto unapoingia ziwani, barafu huwa nyembamba na haiaminiki. Hufunzwa pia kuvaa shingoni vijiti viwili vyenye ncha za chuma. Akitumbukia, ageukie alikotoka, achome ncha zile barafuni, ajivute kifudifudi hadi mahali imara.

Inari ni nchi ya Wasami, wenyeji wa kale wa kaskazini, ambao wengi wao wamefuga kulungu wa baridi kwa vizazi vingi. Katika lugha yao theluji haina jina moja tu. Wasami wa Kaskazini huita theluji kwa jumla *muohta*. Ile mpya na laini iliyotua juu ya nyingine ni *vahca*. Na tabaka la barafu lililoganda juu ya malisho ni *čuohki*. Neno hili la mwisho ni la msiba, kwa maana kulungu hushindwa kulichimba tabaka hilo na hufa njaa. Siku hizi majira yanavyobadilika, mvua hunyesha katikati ya majira ya baridi na kuganda, na neno hilo linazidi kuhitajika.

Ama kwa hakika maneno hayo yalikuwa karibu kupotea. Katikati ya karne iliyopita watoto wengi wa Kisami walipelekwa mabweni ya shule mbali na wazazi, wakafundishwa kwa Kifini, na lugha ya mama ikaonewa haya. Waliporudi na kuwa wazazi, wengi hawakuirithisha. Kisami cha Inari, lugha ya watu mia chache tu, kilibakiwa na watoto wa kuhesabika vidoleni. Mwaka 1997 wenyeji walifungua chekechea ambayo walezi wake huzungumza lugha hiyo pekee. Leo shule za wilaya hiyo hufundisha lugha tatu za Kisami, na mtoto huweza kulitaja tena tabaka la barafu kwa neno la babu yake.

Ndugu mzazi, sisi hatuna theluji, bali tuna vuli na masika, kaskazi na kusi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaua makumi ya watu hapa Dar es Salaam. Je, mwanao anajua asivuke wapi Msimbazi ukijaa? Anajua wingu lipi lina mvua, na upepo upi ni matlai? Jioni ya leo, baada ya chakula, muulize. Na kama hajui, kabla ya kumlaumu mwalimu wake, mweleze wewe.