Neno Langu la Kaunta

Miaka sita nimekuwa nikisema neno moja pale kaunta ya maktaba: hatuna. Kisha muhula uliopita mvulana wa kidato cha tatu, mtu wa Marigat, akaniuliza, "Madam, kuna chochote kuhusu mathenge?" Mbuzi wa nyanya yake wamepoteza meno kwa kutafuna maganda matamu ya mti huo.

Rafu zangu zimejaa vitabu vya kiada. Nikanunua bando, nikaingia mtandaoni na simu yangu. Kumbe utafiti upo, tena mwingi. Mti uliletwa Baringo miaka ya 1980, na wasomi wameuandika kweli kweli. Makala ya kwanza niliyofungua ilitaka dola 39. Yaani kijana alipe hizo ndio asome habari za kwao!

Nilikaribia kurudia lile neno langu. Lakini nikaendelea kuchimba. African Journals Online, ya Afrika Kusini, ipo tangu 1998, na makala nyingi humo ni za bure. Directory of Open Access Journals nayo haina malipo kwa msomaji. Na makala ikiwa imefungwa, unaweza kumwomba mwandishi mwenyewe kwa barua pepe. Nikamwandikia mmoja. Siku ya tatu akanitumia PDF.

Kijana aliisoma akiwa amesimama. Akanirudishia.

"Madam, hapa wamehesabu miti tu. Mbuzi hawajawahesabu."

Nikampa daftari. Likizo hii anawahesabu yeye.