Kitambaa cha Askari

Mwaka 1944 askari wa King's African Rifles, waliotoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walipigana na Wajapani katika nchi ya Burma. Walipita bonde la Kabaw katika mvua nyingi na matope, na mwezi wa Desemba wakavuka mto Chindwin. Katika vita kama ile mtu aweza kuokota kitambaa kilichobanduka katika vazi la askari, nacho kina maandishi ya Mashariki ya mbali. Wengi wakikiona husema mara moja, "Hiki ni cha adui." Lakini haifai kuhukumu upesi namna hiyo.

Fikirini barua iliyoandikwa Lamu zamani kwa herufi za Kiarabu. Mgeni kutoka Arabuni aliweza kuitamka, lakini asifahamu habari yake, maana lugha yake ilikuwa Kiswahili. Na huko Mashariki mambo ni vivyo hivyo. Wachina ndio waliotunga herufi zile za mistari mingi, na kila moja ina maana yake. Kisha Wajapani na Wakorea wakazipokea kwao. Kwa hiyo herufi za Kichina peke yake si ushahidi wa kutosha.

Basi, tazama kama ziko herufi nyepesi zilizochanganywa na zile nzito. Hizo huitwa kana, nazo ni za Wajapani. Ukiona viduara vidogo na mistari iliyonyoka, vimekusanywa katika mafungu madogo, hayo ni maandishi ya Wakorea, aliyoyatangaza mfalme wao Sejong mwaka 1446. Hata hivyo, tangu 1910 hata 1945 Korea ilitawaliwa na Japani, na Wakorea wengi walitiwa katika jeshi la Wajapani. Maandishi hutambulisha jeshi. Kabila la mtu aliyevaa ni jambo lingine.

Tarehe nayo husaidia sana. Wachina walihesabu miaka tangu jamhuri yao ilipoanza, mwaka 1912. Wajapani walihesabu tangu mfalme Hirohito alipopata ufalme, mwaka 1926. Ule mwaka wa kuanza wote waliuita wa kwanza. Hivyo mwaka 1944 Mchina aliandika 33, na Mjapani aliandika 19.

Lakini kiko kitambaa kimoja kiwezacho kumdanganya hata mtu ajuaye hayo yote. Mwishoni mwa mwaka 1941 marubani wa Kimarekani waliojitolea kuisaidia China walianza kupigana na ndege za Wajapani juu ya China na Burma. Mgongoni mwa koti rubani alishonewa kitambaa chenye bendera ya China, nyekundu, na pembeni jua jeupe la miale 12 katika rangi ya samawati. Chini yake yaliandikwa maneno ya Kichina, kwamba mgeni huyu amekuja kusaidia katika vita, na askari na raia wote wamwokoe. Rubani mwenyewe pengine hakuweza kusoma hata herufi moja ya maneno yale aliyoyabeba mgongoni. Ndege yake ikianguka mashambani, uhai wake ulikuwa mikononi mwa mkulima asiyejua Kiingereza, naye ilimpasa kuamua upesi, amfiche au amkimbie. Ajuaye kusoma aliyasoma maneno. Asiyejua aliitambua bendera.